Mipira ya Gari na Ukungu wa Chepseon

Akinyi mwanangu,

Nimeitia barua hii ndani ya kiatu chako cha kesho kwa sababu nakujua, huwezi kulala kabla ya safari bila kujaribu viatu mara ya mwisho. Isome hapo kitandani. Usiniite tuongee. Kuta za nyumba hii ni mbao, na baba yako siku hizi anasikia hata mende akikohoa.

Ningeweza kuiacha wazi mezani, kando ya chupa ya chai, na asingeisoma. Tangu Krismasi baba yako hajasoma kitu chochote katika nyumba hii. Wewe unajua hivyo, na mimi pia najua. Hilo ndilo nilitaka likufikie kwanza: najua habari ya macho yake. Msijisumbue tena kunificha, nyinyi wawili, mnachoka bure. Na kesho asubuhi atataka kushika usukani akusindikize mpaka Chepseon, kama alivyoahidi mbele ya majirani. Hataushika. Wewe na mimi tutahakikisha hivyo, na tutafanya bila kumwaibisha. Namna ya kufanya nitakueleza mwishoni, maana kwanza nataka ujue nilivyojua, na hadithi yenyewe hainipambi hata kidogo.

Nimekuona pia ukijiuliza kwa nini mimi, ninayemkatalia jirani hata ungo, nimekubali upesi gari iende nawe Marigat. Umenishuku. Vizuri, hiyo umeitoa kwangu, kwa baba yako hukuipata. Jibu liko humu humu.

Sitakuambia ule vizuri wala ulale ndani ya chandarua. Unaenda kuuguza watu, na kama hujui habari ya mbu mpaka leo basi masomo yako yalikuwa ya bure. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Kipsigis baba yako anakijua cha sokoni, na Kijaluo mimi nakijua cha ugomvi tu, nilijifunza kwa dada zake. Kwa Kiswahili ndiko tulikopatana, na huko huko nilimshuku.

Kazi yangu imeniharibu. Au pengine nilikuwa nimeshaharibika na ndiyo sababu wakanipa kazi. Unajua ninavyokaa pale Kiptere asubuhi, kwenye kituo cha maziwa, watu wakipanga mstari na mitungi yao. Wote wananiamkua vizuri, na mimi najua kwamba katika zile salamu kuna mtu ametia maji. Anayetia maji ndiye mpole kuliko wote. Anauliza habari za watoto mmoja mmoja. Nimemkamata shemasi, nimemkamata shangazi yangu wa damu. Kile kipimo cha kioo nakiachia ndani ya maziwa, kikizama kupita alama najua, na yeye anajua kwamba najua. Sasa mtu akikaa hivyo miaka, unadhani akienda nyumbani anaacha kipimo kazini? Anarudi nacho kichwani.

Basi mwaka jana, wewe ukiwa bado chuoni, ile gari ilianza kunywa petroli.

Unakumbuka baba yako aliinunua ikiwa tayari kuukuu, alipomaliza kazi ya ufundi kiwandani, na kwamba hakuna fundi mwingine aliyewahi kufungua boneti yake. Ilipoanza kusumbua hakusema. Gari ikisimama, injini inapanda na kushuka yenyewe, kama mtu mwenye kwikwi, halafu inazima. Alikuwa anainama, anazungusha skrubu moja pale kwenye kabureta, injini inashika, anafuta mikono, anasema imepona. Juma linalofuata kwikwi ile ile.

Kila Jumamosi alikuwa anaenda Chepseon kununua viazi vya kuuza hapa. Barabara ni ile ile na viazi ni vile vile, lakini petroli ikaanza kuisha mapema. Mshale wa petroli ulikufa zamani, kwa hivyo nilichonga ufito mwembamba unaopinda, nikawa nautumbukiza tangini kabla hajaondoka na tena akirudi, nikiweka alama kwa ukucha. Alama ikawa inashuka kila Jumamosi zaidi ya ile nyingine. Na kurudi akawa anachelewa. Zamani nilikuwa sijakamua ng'ombe wa jioni na yeye ameshafika. Sasa anaingia jua linazama, uso umemkauka, haongei, anakula anaenda kulala. Petroli inazidi, saa zinazidi, maneno yanapungua. Mwanamke yeyote wa hapa ukimpa mambo hayo atakutajia mpaka jina la huyo mwingine.

Nilinusa mashati yake, mwanangu. Yalinuka viazi. Nikasema, kumbe ni mjanja, anauza viazi.

Nacheka sasa, lakini wakati ule sikucheka. Nililala nimempa mgongo msimu mzima wa mahindi. Akiniita Nyar Kiptere, lile jina lake la kunibembeleza, nilikuwa najifanya nimeshalala. Nikipita njiani na kuwakuta wanawake wamenyamaza, nilijua wananyamazia mimi. Nilimchukia mtu ambaye sijawahi kumwona, nikamnunulia nguo kichwani mwangu, nikamvika. Alikuwa mnene, na alikuwa na jino la dhahabu.

Ndipo Jumamosi moja, mwezi wa pili, nikamfuata. Nilimpata Kibet wa boda, yule baba wa mapacha, kwa sababu hana mdomo. Nikavaa kabuti la mjomba wako na helmeti, tukamwacha baba yako atangulie. Sijui kama umewahi kukaa kwenye pikipiki kutoka Kiptere mpaka Chepseon. Usijaribu. Lakini kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba hatukuweza kubaki nyuma. Gari ilikuwa inaenda polepole kama ng'ombe mwenye mimba, imekumbatia ukingo wa barabara, malori yanampigia honi, yanampita, na madereva wanachungulia kumtukana. Kibet alilazimika kusimama mara kwa mara tusije tukampita. Mimi nikasema, anaenda polepole kwa sababu ana mawazo ya mapenzi. Ona jinsi kichwa kinavyoweza kufanya kazi.

Tulipopita mji wa Kericho na kuingia kwenye yale mashamba makubwa ya chai, nikaona gari imeegeshwa kando. Baba yako yuko ndani, mikono juu ya usukani, anatazama mbele. Nikasema ndiyo hapa, anamngojea, atatokea kwenye majani chai sasa hivi. Nilimshika Kibet mabega mpaka akageuka kuniangalia. Nikamwambia asogee amuulize kama kuna shida.

Tulisimama karibu kabisa na dirisha. Kibet akauliza, na baba yako akatugeuzia uso, akatabasamu vile anavyotabasamu kwa wageni.

"Hakuna shida, ndugu," akasema. "Nangojea huu ukungu upungue kidogo."

Akinyi, hapakuwa na ukungu. Jua lilikuwa linawaka mpaka majani chai yanang'aa. Kibet alitazama juu, akatazama barabara, akanitazama mimi. Na baba yako alikuwa ananitazama pia. Kioo cha helmeti nilikuwa nimekiinua nipate hewa, na miguuni nilikuwa na viatu vyangu vyekundu vya kanisani. Alinitazama usoni, mke wake, akaniambia asante kwa kusimama.

Nikakishusha kile kioo, nikalia ndani ya ile helmeti. Usilie ndani ya helmeti, huwezi kujifuta.

Hatukumwacha. Alipoondoka tulimfuata nyuma mpaka Chepseon, na kurudi vile vile, Kibet amewasha taa na kukaa katikati ya njia wenye malori wasimkaribie. Jioni alipoegesha, nilingoja aingie kuoga, nikachukua spana ya kumi nikalegeza waya wa betri. Jumamosi iliyofuata gari haikuwaka, na ile nyingine pia. Wewe ulipomaliza chuo na kurudi, ukamwambia baba ile betri yako ina tabia mbaya. Ni mimi niliyekuwa na tabia mbaya. Na sikujua ningeendelea nayo mpaka lini, maana alikuwa ameanza kuagiza betri mpya.

Halafu ukaanza kumwendesha wewe, nami nikapumua. Na hapo pia nikawashuku, maana mlikuwa mnarudi mnacheka na mkiniona mnanyamaza. Siku moja nikapanda nyuma, nikatega sikio. Nikasikia unavyomwambia, "Baba, naona leo wale wa mbolea wamefungua," tukiwa tumefika pale pa mbolea, ili ajue tulipo bila kukuuliza. Nikajua kwamba wewe pia unajua. Uliificha vizuri. Ungekuwa unaleta maziwa kituoni ungenisumbua.

Lakini sasa nitakuambia kitu cha kuniaibisha zaidi. Hata baada ya kujua macho, sikuacha. Usiku nilikuwa najiambia, sawa, macho ni mabaya, lakini macho mabaya hayanywi petroli. Wewe ndiye ulikuwa unaendesha sasa, na ufito wangu ulikuwa bado unanionyesha alama inashuka. Nikawaza labda mnaenda wote wawili. Labda amekupeleka ukamsalimie huyo mama, na amekupa chai, na umempenda. Ndivyo nilivyo. Nilimhurumia baba yako kwa jicho moja na kumshuku kwa lingine.

Mpaka siku ile mlipobadilisha mipira ya injini.

Ulidhani nilikuwa napepeta mahindi pale mlangoni. Yale mahindi yalikuwa yamepepetwa jana yake. Nilikuja kwa sababu baba yako alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya boneti na amekuita umsaidie, na tangu nimjue hajawahi kumwita mtu amsaidie na spana. Alikwambia mtoto wa kike anayesafiri na gari lazima ajue gari yake. Maneno mazuri. Nikasema maneno mazuri hivyo yana kitu.

Nilimwona akichukua kipande cha mpira mrefu, ncha moja akaitia sikioni, ile nyingine akaitembeza juu ya injini inayonguruma, polepole, kama nyinyi wauguzi mnavyosikiliza kifua. Akafika mahali akasimama. "Hapa panavuta pumzi," akasema. Mkazima gari. Akaanza kuipapasa ile mipira myembamba inayotambaa kila mahali, mmoja mmoja, kwa kidole gumba, akiukunja kidogo na kusikiliza. Ilikuwa imekauka kama tambi ambazo hazijapikwa. Mingine ilikuwa inakatika mikononi mwake kabla hajaikunja. Na kila mmoja ulipokatika nilimwona anafumba macho, kwa sababu alikuwa ameitazama mipira hiyo mwaka mzima na hakuona ufa hata mmoja. Fundi aliyekuwa akisimamishiwa mashine za kiwanda ili asikilize, ameshindwa na mipira ya gari yake mwenyewe. Ndiyo maana alikuwa amenyamaza mezani. Mimi nilidhani ni mapenzi.

Halafu, tuliporudi kutoka Kericho na mipira mipya, nami nikaushika ungo wangu tena, akakupa wembe. Hapo ndipo nilipohakikisha. Mtu anayenyoa ndevu bila kioo, anakupa wewe wembe ukate mpira. Akakwambia usiung'oe kwa koleo, kile kimdomo cha plastiki kitavunjika na hakiuzwi, uupasue kwa urefu utoke wenyewe. Akakwambia utoe mmoja na kurudisha mmoja, usitoe yote kwa pamoja, utasahau nani alikuwa wapi. Wewe ukaenda ndani ukarudi na uzi wangu mwekundu wa kufuma, ule niliokuwa nautafuta na kumshuku Mama Pastor, ukafunga alama kila mahali mpira unapoingia ili msichanganye. Na kila ukifunga ulikuwa unasema kwa sauti, "Baba, huu unatoka kwa kabureta unaenda kwa lile kopo jeusi, sivyo?" Na yeye anasema sivyo nini, ndivyo. Ulikuwa unamwonyesha kwa mdomo. Nilitaka kuja kukukumbatia nikajizuia, ungejua nasikiliza.

Ndipo ukamuuliza swali lililonitoa jasho. Ukamuuliza kama mipira midogo hivi inaweza kweli kufanya gari inywe petroli.

Akakueleza bila haraka. Akasema kabureta kazi yake ni kupima, petroli kiasi hiki na hewa kiasi hiki. Sasa mpira ukipasuka, hewa nyingine inaingia kwa mlango wa nyuma, haikupimwa na mtu. Moto unakuwa mwepesi, injini inakwama, na yeye badala ya kuziba ule mlango amekuwa akizungusha skrubu kuongeza petroli. Akasema, "Nimekuwa nikiilisha kwa mwaka, Nyathina, mwanangu, na ugonjwa haukuwa njaa."

Mimi na ungo wangu pale mlangoni nilielewa kuliko wewe. Ni maziwa yaliyotiwa maji, tena hakuna mtu aliyeyatia. Mwaka mzima nilikuwa natafuta mwizi, nikampa uso na jino la dhahabu, kumbe ni nyufa ambazo ukucha hauingii. Niliingia jikoni nikakaa chini. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na aibu, na sikujua nianze na ipi, kwa hivyo nilipika chapati. Mlishangaa chapati siku ya kazi.

Usifikiri naandika haya nikwambie uache kushuku watu. Hapana. Yule muuzaji wa Kericho aliyetaka kutuuzia mpira laini wa maji ya kioo akisema yote ni mamoja, nilimshuku nikiwa bado barabarani, na baba yako alipouminya kati ya vidole akasema huu ukivutwa utajifunga wenyewe. Kama si mimi kurudi na kusimama pale mlangoni mwake nikiongea kwa sauti mbele ya wateja, ungeenda Marigat na mpira wa bure. Na ule mnene wa breki nilikataa ufungwe mpaka nione maandishi kwenye karatasi yake. Kushuku kumelisha nyumba hii. Kunahitajika, hasa na msichana aliye peke yake ugenini.

Lakini umewahi kuniuliza kwa nini Mama Cheruto hapiti njia yetu, na sikukujibu. Nitakujibu.

Nilikuwa mgeni kazini. Mama Cheruto alikuja asubuhi moja mbio, amechelewa, ng'ombe amemsumbua, mtungi umefunikwa kwa leso. Nikatia kipimo, kikazama. Nikarudia, kikazama. Nikayakataa maziwa yake mbele ya mstari wote, na nikasema neno ambalo sitaliandika. Hakubisha. Alifunika mtungi, akaenda. Baadaye tukaletewa mtu wa kutufundisha, na katika mafundisho yake akasema jambo dogo tu, kama analisema njiani: maziwa yaliyotoka kwa ng'ombe sasa hivi, yakiwa bado moto, kipimo huzama hata kama hakuna tone la maji. Lazima yapoe kwanza. Nilibaki nimeshika kalamu. Ile leso ya Mama Cheruto ilikuwa inatoa mvuke, niliiona kwa macho yangu, na sikuuliza.

Nilienda kwake. Alinikaribisha, akanipa maziwa ya mursik kwenye kikombe kizuri, nikasema nilichokwenda kusema. Akaniangalia sana. Akasema, "Ulinipima, na watu wote wakasoma." Basi. Hakunifukuza, lakini hajaleta maziwa kituoni tena, anawauzia wachuuzi, na njia yetu hapiti. Miaka hii yote nimekuwa nikimwacha anizungukie.

Kwa hivyo kosa langu kwake na kosa langu kwa baba yako ni moja. Kipimo hakikudanganya siku ile, na ufito wa petroli haukudanganya. Petroli ilikuwa inaisha kweli. Mimi ndiye niliyekimbia kutafuta mtu. Huko Marigat kutakuwa na dawa zitakazopungua kabatini, na muuguzi mwenzako atakayenyamaza ukiingia, na labda siku moja kijana atakayechelewa kurudi na uso mkavu. Shuku tu, wewe ni binti yangu. Lakini kaa nalo kidogo, lipoe, utazame kama hakuna mpira uliopasuka mahali. Kipande kimoja cha ile mipira ya zamani ninacho mfukoni mwa aproni yangu pale kituoni. Nikijisikia namrukia mtu, nakivunja kidogo kwanza. Kimebaki kifupi.

Sasa kesho.

Baba yako ataamka kabla yetu na atakuwa ameshika ufunguo. Usimwombe. Ukimwomba atajua unamhurumia, na itamkata. Niachie mimi. Mkishamaliza chai nitasimama pale uani, mbele ya mjomba wako na wale majirani watakaokuja kuaga, na nitanuna. Nitasema mtu huyu haendi Chepseon. Nitasema nimechoka na safari za Chepseon, najua kuna mwanamke huko anauza viazi, na ndiyo maana nimeamua gari iondoke katika boma hili, iende na mtoto, tuone atamfikia kwa miguu gani. Nitasema kwa nguvu. Nitamtaja na jino la dhahabu.

Ataniangalia kama nimerukwa na akili. Majirani watacheka, mjomba wako atampiga begani. Na yeye atakataa, lakini hatakataa sana, utaona. Mwanamume wa umri wake, mvi mpaka masikioni, kushukiwa mwanamke mbele ya watu wake, hilo si tusi. Atakupa ufunguo akitikisa kichwa, na jioni wote watasema Fundi amenyang'anywa gari na wivu wa mke. Hakuna atakayesema ni macho. Kijiji kizima kinajua nilivyo, kwa hivyo wataniamini. Ni mara ya kwanza tabia yangu hii itamfaa.

Wewe usicheke. Na usilie. Chukua ufunguo, kaa upande wako, washa. Kanyaga breki kama alivyokufundisha, usikie ikishuka kidogo injini inapowaka, ndipo uondoke.

Jumatatu nitamwambia macho yangu yananisumbua, siwezi kusoma kipimo, anisindikize kliniki ya macho. Atakubali, hajawahi kuniacha niende hospitali peke yangu. Nimeshapita huko kuongea nao. Tukiketi mbele ya daktari nitasema aanze na mzee, mimi naogopa. Wanasema kuna macho ambayo upasuaji mdogo huyarudisha, na kuna ambayo hayarudi. Hatujui ya kwake ni yapi. Naogopa kweli, Akinyi, hiyo haitakuwa ya kuigiza. Na huenda nakosea kumzunguka hivi badala ya kumwambia ana kwa ana. Lakini nataka aniambie yeye. Nimemnyamazia mwaka mzima kwa sababu mbaya, sasa namngojea kwa sababu nzuri. Nitakupigia tukitoka. Usikatae kwenda Marigat kwa ajili yake. Macho yako yamemtumikia vya kutosha, na yangu bado yapo.

Jambo la mwisho. Kabla hujaingia garini atakuja kukuaga, na ataweka mkono wake usoni pako. Atakupitisha kidole gumba kwenye paji, kwenye nyusi, kwenye pua yake uliyoirithi, polepole, kama alivyopapasa ile mipira. Watu watadhani anakubariki. Anakubariki, ndiyo, lakini pia anakuangalia. Usiwe na haraka ya kuingia. Simama hapo utulie mpaka amalize.

Mama yako